Maji Hayapandi kwa Maneno ya Baa

Kila asubuhi Eufrasia hukinga birika la kahawa bombani huku akimwita mumewe, Leandro, aamke. Asubuhi ile ya Agosti bomba lilikohoa, likatema hewa, likanyamaza.

"Limeanza tena!" alifoka. "Wa mjini wamerudi likizo. Nyanya zao zinakunywa, sisi tunakauka koo!"

Nyumba yao ilikuwa ya juu kabisa kijijini Valdecierzo, Uhispania, karibu kimo kimoja na tangi la maji. Watu wa bondeni wakimwagilia bustani, maji yote huwateremkia wao. Eufrasia hubaki kubeba ndoo kutoka chemchemi ya uwanjani, maana magoti ya Leandro yalikuwa yamekwisha.

"Tuhamie Zaragoza kwa binti yetu," alisema Leandro, akitazama nje dirishani. Alisema hivyo kila Agosti.

"Hamia wewe! Mimi nakwenda kwa meya."

Meya Fermín alikuwa baa, kama kawaida.

"Fermín, mwaka juzi nilikwambia. Mwaka jana nikakwambia. Mdomo umeniota sugu!"

"Nimesikia, shangazi. Nitaona."

"Utaona! Tangu tukuchague hujaona hata kiatu chako."

Wacheza karata wakaangua kicheko. Nuria, katibu wa manispaa, hakucheka. Alihudumia vijiji vinne, na Jumanne ilikuwa zamu ya Valdecierzo.

"Shangazi, umelisema hili barazani?"

"Nalisema hapa, mbele ya kijiji kizima!"

"Hapa ni baa. Kijiji chetu ni kidogo, hakina madiwani. Baraza ni wapiga kura wote, na Fermín hawezi kuamua peke yake. Mkipitisha jambo, naliandika. Kisha tunaiomba serikali ya mkoa itusaidie pampu, kwa sababu wenyewe hatuiwezi. Msipopitisha, sina cha kupeleka."

"Barazani huenda Leandro."

"Husema nini?"

"Husinzia."

"Basi njoo mwenyewe. Kura si ya nyumba, shangazi. Ni ya mtu. Ya kwako unayo."

Eufrasia akamgeukia Fermín. "Na wewe ulishindwa kuniambia hayo?"

"Ningeyapenyeza wapi, shangazi? Hukuniachia nafasi."

Jumapili, baada ya misa, watu walikusanyika katika shule ya zamani. Eufrasia alisimama. Kwa mara ya kwanza hakumtukana mtu. Alieleza habari ya tangi, mteremko na ndoo.

"Na nyanya zangu?" aliuliza Basilio wa bondeni.

"Zimwagilie jioni, Basilio. Haziwahi kazini."

Watu wakacheka, kisha mikono ikainuka. Walikubaliana kuwa bustani zimwagiliwe baada ya jua kuzama tu, na pampu iombwe mkoani. Nuria akaandika.

Tangu hapo maji yalianza kupanda asubuhi, ingawa kwa kusuasua. Pampu ikaja majira ya kuchipua.

Agosti iliyofuata Eufrasia alikinga birika. Maji yakabubujika hadi yakamlowesha mikono.

"Haya, mzee," alimtania mumewe, "hujasema leo. Zaragoza tunahamia lini?"

Leandro aliyaondoa macho dirishani. Kutoka pale njia yote ya chemchemini ilionekana.

"Sikutaka kuhama hata siku moja," alisema. "Nilishindwa tu kukutazama ukipanda na zile ndoo."