Spika za Lugano

Atupele alikuwa jikoni kwake Kisondela, akimenya ndizi na kupanga harusi ya binti yake, Tulia. Ukumbi ulikuwa umepatikana. Wapishi walikuwepo. Alibaki DJ tu, na kwa Atupele jambo hilo halikuhitaji mjadala.

"Tunamchukua Lugano," alisema. "Ndiye aliyepiga muziki kwenye msiba wa baba yako. Mtu asimame nasi kwenye kilio, halafu tumwache kwenye raha?"

"Mama, umewahi kumsikia kwenye harusi?"

"Spika ni spika, mwanangu."

Tulia akachukua kisu, akaanza kumenya naye. Mama yake akishaamua, ameamua.

Biubwa, mpambaji wa kumbi kutoka Tukuyu mjini, ndiye aliyeng'ang'ania vyombo vya muziki vijaribiwe ukumbini mapema. Siku hiyo ya majaribio ukungu ulishuka mchana kweupe, ukaingia mlangoni mpaka katikati ya ukumbi. Lugano, mtu mzima mpole, aliweka simu yake kwenye meza ya mbele, akaiunganisha na spika, akaacha nyimbo zicheze, akatoka nje kushughulikia waya. Ndani, Atupele na Tulia walibaki wakimsaidia Biubwa kutandika vitambaa vya meza.

Wimbo uliisha. Kukawa kimya. Kisha mtu akakohoa ndani ya spika.

"Atupele. Ugonile?"

Hiyo ni salamu ya nyumbani, ya kumuuliza mtu kama amelala vizuri. Sauti ilikuwa ya Anyitike, mumewe Atupele, aliyezikwa mwaka jana.

Kitambaa kilimponyoka Tulia. Pale kwenye simu hapakuwa na mtu.

"Msilie sana," sauti iliendelea taratibu. "Nitakuwa nawatazama."

Atupele alisogea kwenye spika. Akaitika. "Nipo, baba Tulia. Nipo hapa."

Biubwa ndiye aliyepata nguvu za kwenda mezani kuizima simu. Lugano akaingia mbio, mikono kichwani.

"Nisamehe, mama Tulia! Ni yale maneno aliyorekodi marehemu akiumwa kitandani, tukayapiga siku ya maziko. Yako humu humu pamoja na nyimbo. Zikiisha, simu inajichagulia yenyewe."

"Ingekuwa siku yenyewe je?" Biubwa aliuliza. "Bibi harusi anaingia, baba yake anaongea?"

Lugano aliinama, akaanza kukunja waya.

Biubwa alimkalisha Atupele kwenye benchi. "Dada yangu, DJ hachaguliwi kwa shukrani. Nenda kamsikilize kwenye sherehe ya watu wengine. Tazama kama anakaa kwenye mashine yake au anaiacha ijiendeshe. Watu wakipoa, anabadilisha wimbo? Nyimbo za harusi ameziweka kando, zisichanganyike na mengine? Umeme ukikatika, ana jenereta? Mwambie mnachotaka, na msichotaka mwambie pia. Mkielewana, andikishianeni, asije mtu akageuka. Na majaribio kama haya msiyaache."

"Kweli, mama Tulia," Lugano alisema akiangalia chini. "Mimi nimezoea misiba. Niliona aibu kukukatalia."

Kabla ya kuondoka, alimhamishia Atupele ile sauti kwenye simu yake, akaifuta kwenye simu yake mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata mama na binti walikwenda Kiwira kwenye harusi ya watu, kumsikiliza DJ Naseeb. Hakuiacha mashine hata mara moja, na wazee walicheza sawa na vijana. Walipokaa naye kuzungumza, yeye ndiye aliyeanza kuuliza.

"Kuna wimbo au sauti msiyotaka kuisikia?"

Atupele alimtazama binti yake. "Ipo moja. Bahati nzuri wewe huna."

Siku ya harusi, Tulia akiwa mlangoni, umeme ulikatika. Ukumbi ukawa giza, ukungu umeganda madirishani. Watu wa nyumbani wote waligeukia spika. Katika ukimya ule, mtu akakohoa.

Atupele aliinuka kitini.

"Samahanini," alisema mzee Andongwisye, shemeji yake. "Baridi hii."

Jenereta ya Naseeb ikanguruma, taa zikawaka, muziki ukapanda, na Tulia akaingia akicheka. Atupele alicheza mpaka viatu akavivua. Lugano, safari hii mgeni mwalikwa, alicheza kuliko wote.

Asubuhi yake Atupele alikaa peke yake barazani. Alifungua simu.

"Atupele. Ugonile?"

"Nimelala vizuri, baba Tulia," alisema. "Mwanao ameolewa. Watu wamecheza."