Tone Moja kwa Kijiko

Mashuka ya hoteli hayaishi. Ukikunja moja, jingine linakusubiri kapuni, limejikunyata kama mtoto aliyelia hadi akachoka. Mama Pasi aliyajua mashuka hayo tangu ujana wake. Wachache walilijua jina lake la kuzaliwa. Kwenye chumba cha kufulia, wote walimwita Mama Pasi, kwa sababu hakuna mkunjo uliowahi kumshinda.

Chumba hicho kilijaa joto, mvuke na harufu kali ya sabuni na dawa ya kung'arisha nguo. Mgeni akiingia, alikohoa na kufuta machozi. Mama Pasi hakukohoa. Pua yake ilikuwa imezoea. Tena ilikuwa imechoka, lakini hilo hakulijua.

Jioni alirudi kwenye chumba chake. Alikaa peke yake. Mume wake alikuwa amefariki. Binti yake wa pekee alikuwa ameolewa mji wa mbali. Mama Pasi alifungua mlango, akasema, "Hodi." Kisha akajijibu mwenyewe, "Karibu." Hakuona ajabu. Sauti ya mtu ni sauti ya mtu, hata kama ni yako mwenyewe.

Alipika kidogo, akala akiwa amesimama. Kumwandalia mtu mmoja meza ni kazi ya nini?

Siku moja alipokea kifurushi kutoka kwa binti yake. Ndani mlikuwa na chupa tatu ndogo, zenye ukubwa wa kidole gumba. Moja ilikuwa na mafuta ya lavenda, lile ua la zambarau. Ya pili ilikuwa na mafuta ya majani ya mkaratusi. Ya tatu ilikuwa na mafuta ya maganda ya limau.

Binti alipiga simu. "Mama, umeyapata?"

"Nimeyapata, mwanangu. Ni ya kukaangia?"

"Mama, usije ukayala hayo. Ni ya kujipaka, unukie. Umetunza mashuka ya watu maisha yako yote. Jitunze na wewe."

"Ninukie, anuse nani?"

"Ujinuse mwenyewe, mama. Weka kidogo tu."

Kidogo. Neno hilo halina kipimo. Kidogo cha tembo ni shehena ya sisimizi.

Jioni hiyo, baada ya kuoga, Mama Pasi alidondosha tone moja la lavenda kwenye kiganja. Akanusa. Hakusikia kitu. Akaongeza tone la pili. Kimya. Akapaka shingoni, kifuani, mikononi. Akaongeza, akaongeza tena. Hatimaye harufu ya ua ikamfikia, kwa mbali. Akafumba macho. Ilikuwa kama kuna mtu ameingia chumbani, akavuta kiti na kukaa.

"Kumbe kidogo chenyewe ndicho hiki," alisema.

Tangu siku hiyo, kipimo chake kilikuwa pua. Asubuhi alipaka limau shingoni na mikononi kabla ya kwenda kazini. Jioni alipaka lavenda mwili mzima. Mkaratusi aliumwaga kwenye mto wa kulalia. Pua ilizidi kuchoka, naye alizidi kuongeza.

Ngozi ikaanza kuwasha. Kisha shingo ikawa nyekundu, ikapata mabaka meusi yenye kuuma. Siku za kuanika mashuka juani, maumivu yalizidi. Mama Pasi aliulaumu mvuke wa pasi. Akajifunga mtandio, akaendelea na kazi.

Lakini kulikuwa na jambo lililomuuma kuliko shingo. Wakati wa chai, wanawake wa kazini walikaa pamoja kwenye benchi refu. Mama Pasi akikaa, mmoja alikumbuka bomba la maji. Mwingine alikumbuka simu yake. Punde benchi lilikuwa tupu kama limepakwa rangi mbichi. Siku nyingine msimamizi alimhamishia meza ya mwisho, karibu na dirisha.

"Hapa kuna upepo mzuri, mama," alisema, akiwa ameshika pua kama anayetaka kupiga chafya.

Hakuna aliyemwambia sababu. Mama Pasi akaitafuta mwenyewe, akapata isiyo yenyewe. Wamenichoka, alijisemea. Nimezeeka, sina habari mpya. Jioni akaongeza matone. Harufu angalau hainyanyuki na kukuacha.

Kisha binti akapiga simu tena. "Mama, nakuja na mjukuu wako. Tutalala kwako."

Mama Pasi alikuwa hajamwona mjukuu huyo hata siku moja. Alikuwa amemsikia akilia kwenye simu tu, na kilio kile kilimtosha kutabasamu siku nzima. Alisugua sakafu. Alifua mapazia. Alitandika shuka alilolipiga pasi pande zote mbili. Siku ya wageni alinyunyizia mkaratusi kwenye mito, kwenye godoro na pembeni mwa kitanda. Yeye mwenyewe alijipaka limau na lavenda, akaongeza kwa ajili ya heshima ya mgeni. Alifunga dirisha ili harufu isipotee.

Binti aliingia na mtoto mgongoni. Alisalimia huku akipepesa macho.

"Nipe mume wangu," Mama Pasi alisema, akinyoosha mikono. "Nipe mzee wa nyumba hii."

Alimpokea mtoto, akamweka shingoni. Mtoto alikuwa mwepesi na mwenye joto. Akavuta pumzi mara moja, akakohoa. Akakohoa tena. Uso ukawa mwekundu, macho yakajaa maji. Akalia kilio cha kukatika.

"Nipe, mama. Nipe haraka."

"Ananishangaa tu. Atazoea."

"Mama, hawezi kupumua vizuri. Chumba kinachoma macho. Umemwaga nini humu?"

"Si yale yako uliyonitumia?"

Binti alimchukua mtoto, akatoka mbio hadi barazani. Mlango wa pili ulifunguka. Akatoka jirani, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu. Kazi yake ilikuwa kukanda migongo na mabega ya wateja katika saluni. Watu walimwita Bi Vidole.

"Mlete huku kwenye hewa, mwanangu," alisema Bi Vidole. "Mvue hicho kitambaa, kimeshika harufu. Mfute uso kwa maji safi. Hivyo. Sasa tumtazame anavyopumua. Akiendelea kukohoa, tunakwenda kituo cha afya sasa hivi."

Mtoto alilia kidogo, akatulia. Pumzi zikarudi sawa. Mama Pasi alisimama mlangoni pake, mikono bado imenyooka. Hakuthubutu kusogea.

Binti alimtazama kwa huruma. "Mama, leo nitalala kwa wifi yangu. Siwezi kumlaza humu."

"Mtarudi?"

"Kesho kutwa nitapita kukuaga."

Kukuaga. Walikuwa hawajakaa, na tayari wanaaga. Mama Pasi aliwatazama hadi wakakata kona. Kisha akaingia ndani, akakaa sakafuni, kwa sababu kitanda alikuwa amekiandaa kwa ajili ya wengine.

Bi Vidole hakubisha hodi. Aliingia, akafungua dirisha, akakaa naye sakafuni.

"Dada, nitakuuliza, usinikasirikie. Unajipaka kiasi gani?"

"Mpaka ninuse."

"Na unanusa?"

"Sinusi. Nadhani walimuuzia mwanangu maji."

Bi Vidole alicheka hadi akashika mbavu. Kisha akaacha kucheka. "Dada, mimi nakunusa kuanzia ngazini. Kuna siku nilidhani wamekuja kupulizia mbu."

Mama Pasi naye akacheka, bila kutaka. Halafu akalia.

"Pua yako haina kosa," Bi Vidole alisema. "Inashinda kwenye dawa na sabuni. Anayekaa jirani na mashine ya kusaga mwishowe haisikii. Tena pua ya kila mtu huizoea harufu yake. Nyani haoni lile lake la nyuma. Sasa nionyeshe shingo."

Mama Pasi alisita, kisha akafungua mtandio. Bi Vidole alivuta pumzi kwa meno.

"Hii si pasi. Haya ni mafuta. Ulipaka yapi kabla ya kutoka juani?"

"Ya limau."

"Basi hapo. Mafuta ya maganda ya limau yakikutana na jua, ngozi inaungua. Hayapakwi mchana kama unakwenda juani. Na mafuta haya yote ni makali. Chupa moja ndogo imekamuliwa kutoka kwenye rundo kubwa la majani au maua. Wewe ulikuwa unajipaka shamba zima."

"Sasa nifanye nini?"

"Kwanza, acha yote mpaka ngozi ipone. Leo pale palipo pazima, futa kwa mafuta ya kawaida ya kula, kisha oga kwa maji na sabuni isiyo na harufu. Ukianza na maji peke yake hayatoki, maana mafuta na maji hayaivi chungu kimoja. Kwenye vidonda usipake kitu. Kesho nenda kituo cha afya, wakuangalie. Mito na mashuka tutafua pamoja. Godoro tutalitoa nje."

"Na nikipona, nizitupe zile chupa?"

"Kwa nini? Mimi nalala na mafuta, naamka na mafuta, yananilisha. Ila kuna kipimo. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kawaida, ya nazi au ya alizeti. Ndani yake, tone moja. Moja, dada, si moja na rafiki zake."

"Tone moja litanuka nini?"

"Wewe hutalinusa. Wengine watalinusa. Kabla ya kupaka mwilini, paka mchanganyiko huo kidogo upande wa ndani wa kiwiko, ungoje hadi kesho yake. Pakiwasha au pakiwa pekundu, hayo si yako, yaache. Usiyaweke karibu na macho wala sehemu za siri. Usiyanywe, hata mtu akuapie kuwa ni dawa ya tumbo. Mjamzito, anayenyonyesha au mwenye pumu amuulize mhudumu wa afya kwanza."

"Na mtoto?"

Bi Vidole alimshika mkono. "Mtoto mchanga, hapana. Hata tone. Hasa mkaratusi. Huo unaweza kumbana pumzi. Mtoto anataka harufu ya bibi yake tu."

Mama Pasi aliinamisha kichwa. "Mbona hukuniambia siku zote hizi?"

"Nilikuja. Ukaniambia ukiwa ndani, 'Nipo salama, nimelala.' Mtu akisema amelala, nami nikamwamsha, nitakuwa na adabu gani?"

Ilikuwa kweli. Upweke una kiburi chake. Unamfungia mtu mlango, kisha unamnong'oneza kuwa wenzake ndio waliokataa kuja.

Kesho yake walifua hadi vidole vikakunjamana. Waliliburuta godoro hadi uani, likakaa kwenye hewa mchana wote. Kwenye kituo cha afya, muuguzi alisafisha shingo, akatoa dawa ya kupaka. Naye akasema yaleyale: juani afunike, mafuta ya kunukia aache kwanza.

Siku iliyofuata, Mama Pasi alikwenda kazini bila harufu yoyote. Wakati wa chai alisimama mbele ya benchi.

"Niambieni kweli. Mlikuwa mnanikimbia kwa sababu ya harufu?"

Wanawake walitazamana. Mmoja akatazama kikombe chake.

"Mama, kichwa kilikuwa kinatuuma," alisema. "Lakini utamwambiaje mtu mzima kwamba ananuka maua?"

"Unamwambia, 'Mama Pasi, unanuka maua.'"

Walicheka. Yule aliyezoea kukumbuka bomba alisogea. Mama Pasi akakaa. Hakuna aliyenyanyuka.

Jioni hiyo binti alikuja kuaga. Alisimama mlangoni kwanza, kama anayepima maji kwa mguu. Dirisha lilikuwa wazi. Mashuka yalikuwa safi. Mama Pasi alikaa kwenye kiti na mikono yake ameilaza mapajani. Safari hii hakuinyoosha. Aliogopa.

"Sijapaka kitu," alisema. "Hata sabuni yenyewe haina harufu. Ukitaka, nitamtazama kutoka hapa."

Binti alivua kitambaa cha mgongoni polepole. Alimweka mtoto kwenye mikono ya bibi yake, mbali na shingo yenye dawa. Mtoto alikunja uso. Wote wawili walishika pumzi. Mtoto akapiga mwayo mkubwa kuliko uso wake, akageukia kifua cha Mama Pasi, akalala.

Mama Pasi hakutikisika. Mguu ulikufa ganzi, akauacha ufe.

"Mama, basi lenyewe ni la kesho asubuhi," binti alisema baada ya muda. "Tutalala hapa."

Walilala hapo, usiku mmoja tu. Asubuhi waliondoka, na chumba kikawa kikubwa tena. Hakuna mafuta yanayoponya hilo. Lakini binti aliahidi kurudi, na safari hii hakusema atapita kuaga tu.

Shingo ilichukua muda kupona. Ilipopona, Mama Pasi alitoa kijiko cha chai, akamimina mafuta ya nazi, akadondosha tone moja la lavenda. Alipaka ndani ya kiwiko. Kesho yake kiwiko kilikuwa salama. Jioni, baada ya kuoga, alichanganya tena kwa kipimo kilekile. Alikaa kitandani, akajikanda nyayo zilizosimama kutwa nzima, kisha vifundo, kisha miguu hadi magotini. Hakuwa na haraka. Ngozi ililainika chini ya vidole vyake.

Kisha aliinua viganja, akavileta puani.

Hakusikia harufu yoyote.

Akaitazama chupa. Akaifunga, wala hakuongeza.