Wasifu Uliomzika Limi Akiwa Hai

Wanangu wa Samuye, na ninyi mlioko machimboni Geita, kaeni kidogo. Nimechoka, lakini hili sitaki kuondoka nalo.

Jumapili moja baada ya misa tulikuwa uani kwa mdogo wangu Limi, mjane, tunakata viazi vitamu vya michembe, vile vipande vya kuanika juani. Vipande vyake vyembamba, vyangu vinene. Akawa ananicheka kwamba vyangu vitaota ukungu kabla havijakauka. Kuku wanadonoa maganda. Simu ikalia. Alikuwa Benjamini, mwanawe wa pekee, anayechimba dhahabu Geita.

"Shikamoo, mayu," akamwamkia mama yake.

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Na mtihani. Nagombea uenyekiti wa chama chetu cha wachimbaji. Kila mgombea aandike wasifu wake, usomwe mbele ya watu. Tangu juzi nimeandika jina tu."

"Sema ulichunga ng'ombe wa watu, mama yako akalima vibarua ukasoma."

Akacheka kwa aibu. "Hayo nayo ni ya kuandika? Na nikijisifu wataona najikweza."

"Basi usijisifu. Taja waliokulea."

Namwelewa. Kwetu Wasukuma mtu husifiwa na wenzake, hata ngomani. Ukiambiwa ujieleze mwenyewe, kalamu inakuwa nzito kuliko sururu. Lakini tazameni alichofanya. Mkewe, Ritha, ndiye aliyetusimulia baadaye: kazi ile Benjamini alimpa rafiki yake Donatus, mwenye steshenari pale Kalangalala, mjini Geita. Donatus akasema watu humpigia kura aliyeteseka, akamwandika yatima. Benjamini akasoma, akaweka sahihi.

Siku ya mkutano Limi akanishika mkono, twende Geita tukamsikie mtoto. Hatukumwambia. Alivaa kitenge kipya cha bluu, akapakata mfuko wa michembe ya kumpelekea. Tukakaa benchi la nyuma.

Katibu akasoma: "Ndugu Benjamini alifiwa na wazazi wote wawili akiwa mdogo, akajilea mwenyewe."

Limi akanigeukia. "Dada, amesema nani amekufa?"

Mzee Silvesta, mtu wa kwetu Samuye aliyekuja kutazama tu, akapaza sauti: "He! Na huyu Limi aliyekaa hapa ni mzimu?"

Watu wakaangua kicheko, shingo zote zikageuka. Katibu akauliza, "Mgombea, huyu mama ni nani wako?"

Wanangu, mlango ulikuwa bado wazi. Neno moja tu. Benjamini akatazama viatu vyake.

"Ni mama mdogo," akasema.

Silvesta akafungua kinywa abishe. Limi akamwahi: "Ndiyo. Mama mdogo."

Mtoto akashinda. Sisi tukarudi Samuye bila kuonja wali wa sherehe.

Wiki iliyofuata akaja na sukari na kitenge, akapiga magoti. Limi alimpikia, akamtilia mboga ya kutosha, kisha akamwambia, "Nimekusamehe. Ila umenizika mbele ya watu, baba. Nifufue mbele ya watu."

"Mkutano ujao, mayu."

Mkutano ukapita, na mwingine ukapita. Mwenyekiti aanzeje kusema alidanganya?

Mvua za mwaka huu Limi akashikwa na homa ya mapafu, akafariki.

Wachimbaji wana desturi nzuri. Mmoja akifiwa na mzazi, wenzake hufunga maduara yao, yale mashimo ya dhahabu, wanapanda lori na kuni na maturubai, na kaburi wanachimba wao. Mwaka jana walikwenda hata Mhunze kumzika mama wa mpishi wao. Kwa mama wa mwenyekiti hakuja hata mmoja. Angewaitaje? Alishawaambia hana mama.

Kaburi alichimba yeye na vijana wachache wa jirani, mvua inanyesha, udongo unarudi shimoni. Nikamwambia, "Mpe mwingine sepetu, mwanangu, upumzike."

"Niache, mama mkubwa," akasema. "Kazi hii niliianza mwenyewe."

FUNZO

Kuandika habari zako kunatia haya, sikatai. Vumilia haya hiyo, andika mwenyewe, andika kweli, hata ikiwa mistari miwili. Usiwafute waliokubeba ili upendeze machoni pa wageni. Na ukiwa umemkosea mtu hadharani, simama hadharani umsafishe angali anasikia. Limi alisubiri mikutano yote ile. Hakusikia.