Tela Si Mkokoteni

Asubuhi moja wajukuu zangu wawili walikuwa wanakunywa chai. Nikawaambia, "Kitendawili."

"Tega."

"Ninaye mtoto hana miguu ya mbele. Akinifuata kwa adabu, tunafika. Akicheza nyuma yangu, ananiangusha."

Mmoja akasema ni mkia. Mwingine akasema ni kivuli. Mama yao alikuwa dirishani anatia uzi kwenye sindano. Hakucheka.

"Jibu ni lile tela hapo nje," alisema. "Na mimi sisafiri nalo tena."

Mama yao ni binti yangu. Kazi yake ni cherehani. Yeye na mumewe walikuwa wamepata tela la zamani, chumba kizima juu ya magurudumu mawili. Lina mlango, madirisha, vitanda na meza ya kukatia nguo. Walipanga kulivuta kwa pikapu yao hadi miji ya mbali. Huko wangelala humo humo na kushona sare za wanafunzi kabla shule hazijafunguliwa.

Juma lililotangulia walilijaribu. Walipokuwa wanashuka mteremko, lori likawapita. Tela likaanza kuyumba kama mkia wa mbwa aliyemwona bwana wake. Pikapu ikavutwa kushoto, ikavutwa kulia. Walisimama ukingoni mwa barabara, magurudumu yakiwa kwenye majani. Walipofungua mlango wa tela, kopo la vifungo lilikuwa limemwagika sakafu nzima.

"Ulikuwa upepo tu," mkwe wangu alisema asubuhi ile.

"Upepo gani unaosukuma chuma?" mkewe akamjibu.

"Mke wangu, Jumatatu walimu wanatusubiri na vipimo vya wanafunzi. Nitashona mimi?"

"Basi wasubiri. Vifungo nimeokota. Watoto sina wa akiba."

Hapo nikaona chai itapoa bure. Nikamwambia mkwe wangu, "Baba, nenda kamwite Bi Spana."

"Nimuulize nini, mama? Nimevuta mkokoteni miaka minane. Mizigo naijua."

"Kuuliza si ujinga. Nenda."

Bi Spana ni jirani yetu, tunatenganishwa na ukuta tu. Aliendesha malori yenye tela miaka ishirini. Siku hizi anatengeneza magari. Alikuja na kikombe chake cha chai mkononi. Akalizunguka tela mara moja.

"Mzigo kapanga nani?"

"Mimi," mkwe wangu akasema.

"Hebu inua hiyo shingo."

Shingo ni ile sehemu ya mbele ya tela, inayoungana na gari. Mkwe wangu akaichomoa kwenye pikapu, akainua kwa mikono miwili. Hata hakuhema.

"Unaona, shangazi? Nyepesi kama kikapu. Cherehani zote nne nimeziweka nyuma, karibu na mlango. Hata kushusha ni rahisi."

"Naona," Bi Spana akasema. "Na ugonjwa ndio huo huo unaojivunia."

Mkwe wangu akaishusha shingo polepole.

"Sikiliza, mwanangu. Mkokoteni unausawazisha ili mikono isichoke. Ni sawa, kwa sababu unakwenda kwa mwendo wa miguu. Tela linakwenda kwa mwendo wa gari. Uzito ukikaa nyuma, mkia ndio unaoongoza. Lori likipita, upepo ukipiga, mkia unacheza. Shingo ya tela lazima ikalie gari kwa uzito."

"Uzito kiasi gani?" binti yangu akauliza. Alikuwa ametoka nje, sindano ameichomeka kifuani mwa gauni.

"Katika kila kilo mia za tela na mzigo wake, shingo ibebe kumi hadi kumi na tano."

Tukaazima mizani ya msaga nafaka wa mtaani, ile ya kuweka chini. Kibati cha mlangoni kilisema tela tupu ni kilo mia sita. Tukapima mzigo, kitu kimoja kimoja. Ukafika kilo mia tatu.

"Jumla mia tisa," mjukuu mkubwa akasema. "Shingo ibebe tisini hadi mia moja thelathini na tano."

"Msomi huyo," Bi Spana akasema. "Na pikapu inaruhusiwa kuvuta kiasi gani?"

Mkwe wangu alitoa kitabu cha gari chini ya kiti, akapangusa vumbi, akasoma. Gari liliweza.

Tukarudisha kila kitu mahali pake pa zamani, tukaweka shingo juu ya mizani. Kilo thelathini.

Mkwe wangu aliisoma ile namba mara mbili. Kisha akavua shati, akaanza kuhamisha cherehani bila kuambiwa. Alizipanga sakafuni, mbele kidogo ya magurudumu, akazifunga kwa kamba zisiteleze. Majora ya vitambaa nayo yakasogezwa mbele. Tukapima tena. Mia moja na tano.

"Sasa inua," Bi Spana akamwambia.

Akajaribu. Shingo haikusogea. Watoto wakacheka, naye akacheka pia.

"Leteni jeki," akasema.

Bi Spana akamwonyesha gololi kubwa ya chuma nyuma ya pikapu, na kikombe cha shingo kinachoifunika. Kila kimoja kina namba ya ukubwa wake. "Namba zifanane. Gololi ikiwa ndogo, kikombe kitaruka." Zilifanana. Lakini kufuli la kikombe lilikuwa limefungwa kwa waya.

"Huu waya ulikuwa wa kufungia kuku?"

"Pini ilipotea, shangazi."

"Na wewe ungeifuata." Akatoa pini mpya mfukoni, akaipachika. Kisha akamwambia ainue shingo kwa jeki, ikiwa imeshafungwa. Nyuma ya pikapu ikainuka pamoja nayo. "Hapo ndipo ujue kikombe kimeshika."

Minyororo miwili ya tela akaipitisha chini ya shingo ikakatana kama mkasi, akaifunga kwenye pikapu. "Shingo ikichomoka, itaangukia hapa kama mtoto kwenye mbeleko. Minyororo isiburute chini, wala isibane mnapokata kona."

Tukasimama mbali, tukatazama. Sakafu ya tela ilikuwa sawa na barabara, haikuinua pua wala haikuinamisha. Tukajaza upepo matairi. Mjukuu mdogo akasimama nyuma akitaja taa: "Breki. Kushoto. Kulia."

"Na likiyumba tena?" binti yangu akauliza. Hilo ndilo alilokuwa anangoja.

"Asikanyage breki kwa ghafla. Aondoe mguu kwenye mafuta, ashike usukani usicheze, mwendo upungue wenyewe. Kisha asimame, atazame mzigo. Na mtu yeyote asikae ndani ya tela likiwa safarini."

Binti yangu akamgeukia mumewe. "Rudia."

Akarudia yote. Alirudia mara mbili.

Jumapili tuliondoka, mimi na wajukuu kiti cha nyuma, binti yangu na mumewe mbele. Mkwe wangu alikwenda taratibu. Baada ya mwendo mfupi alisimama, akashuka, akagusa pini, minyororo na matairi. Binti yangu alishuka naye, akagusa vyote tena kwa mkono wake.

Kwenye ule mteremko, lori likatupita. Pikapu ilitikisika kidogo, ikatulia. Tela likafuata kwa adabu.

Tulifika saa kumi jioni. Mkwe wangu akazima gari, akamgusa mkewe bega.

"Mama watoto, tumefika."

"Najua. Nilikuwa naangalia barabara."

"Kwa macho yapi? Umekoroma tangu kwenye mteremko."

Binti yangu alishuka, akafungua mlango wa tela. Kopo la vifungo lilikuwa limesimama mezani pale pale alipoliacha. Akalichukua, akaketi kizingitini, akaanza kutia uzi kwenye sindano.