Kofia ya Antena

Kila shule ilipofungwa, Maswali alifuatana na mama yake kazini. Jina hilo la utani alipewa na mama mwenyewe, maana mtoto alianza kuuliza hata kabla hajanawa uso. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alikuwa fundi wa vyombo vya ndege, na karakana yao ilikuwa kando ya uwanja mdogo wa ndege, na sakafu yake iling'aa kuliko sahani za nyumbani.

Asubuhi hiyo mama alikuwa akiivalisha ndege kofia. Si za jua, jamani! Zilikuwa mbili, nyeusi, nzito. Moja aliifunga kwenye antena ya mgongoni, nyingine kwenye antena ya tumboni.

"Kitendawili!" alisema, akikaza mkanda.

"Tega!"

"Nina rafiki, huamini kila anachoambiwa, wala hamwulizi mtu jina."

Maswali alijikuna kichwa. "Mbwa wetu?"

"Mbwa wetu ana akili zaidi!" Mama alicheka. "Ni chombo hiki ninachokipima leo. Huko angani ndege huulizana kwa redio: uko wapi, uko juu kiasi gani? Zikikaribiana mno, chombo humwambia rubani apande au ashuke."

"Na mtu akikidanganya?"

"Hapo ndipo penye udhaifu, mwanangu. Hakijui kutofautisha ndege na mtu anayejifanya ndege. Hata mimi nikiipima ndege hii hapa chini, itatangaza kwamba iko mawinguni. Kofia hizi huzuia uongo wangu usitoke nje."

Mama akaenda stoo kuchukua mashine ya kupimia. Maswali akaitazama kofia ya tumboni. Akaifungua, akaivaa, akajitazama kwenye kioo cha dirisha. Rubani mzima! Mara akasikia hatua. Akairudisha haraka, mkanda mmoja tu, nayo ikaning'inia upande. Mama alikuwa amezikagua kofia kabla ya kuondoka, hakukagua tena. Akawasha mashine.

Haukupita muda simu ikalia, mama akakimbilia ofisini. Walikuwa waongoza ndege. Ndege ya abiria iliyokuwa ikipita juu ilikuwa imeambiwa na chombo chake ipande ghafla, ikwepe ndege ambayo haikuwepo. Mhudumu mmoja alikuwa amemwagikiwa chai ya moto, mkono umeungua. Maswali aliyasikia yote kupitia mlangoni. Kabla mama hajarudi, aliifunga ile kofia vizuri, mikanda yote miwili.

Mkuu wa karakana akaja na mlinzi. "Kofia zilifungwa?"

"Nilizifunga mwenyewe," mama alijibu, na ndivyo alivyojua.

Mkuu akazikagua, akazikuta zimekaza. "Basi kuna mtu wa nje anayetuchezea. Yule fundi redio wa karibu na uzio ana antena mpaka juu ya choo. Mlinzi, kamlete."

Fundi redio, mzee mwembamba, aliletwa na bisibisi yake mkononi. "Jamani, mimi natengeneza redio watu wasikie mpira! Mimi na ndege wapi na wapi?"

"Utajieleza polisi," mlinzi alimkatiza.

Maswali akawaza. Akisema, mama atanyang'anywa muhuri wake, na fundi asiye na muhuri haruhusiwi kupitisha ndege yoyote. Akinyamaza, mzee anapelekwa. Yule mzee akamwona anavyotetemeka, akadhani ni kelele za wakubwa zinazomtisha. "Usiogope, mjukuu wangu," alimwambia. "Yataisha."

Machozi yakamtoka. "Ni mimi," Maswali alisema. Akaeleza yote, hata mikanda aliyoikaza baadaye.

Kisha mama akautoa muhuri mfukoni, akauweka mezani. "Na mimi nilikagua mapema, sikurudia kabla ya kuwasha. Hilo ni langu."

Mkuu aliwapigia waongoza ndege akawaambia ukweli, kisha akamgeukia fundi redio. "Mzee wangu, tuwie radhi."

"Nimewawia. Ila mmenikausha koo. Soda iko wapi?"

Mama alikaa wiki mbili bila muhuri, akapimwa upya, akarudishiwa. Tangu hapo kila kofia hushikwa na mafundi wawili kabla mashine haijawashwa, na wageni hukaa nyuma ya mstari wa njano.

Siku ya kuurudisha muhuri, mkuu aliketi karibu na Maswali. "Ungenyamaza, tungemfunga asiye na hatia, na makosa yetu yangebaki pale pale yakingoja ndege nyingine. Wataalamu wanatafuta njia ya kukifundisha chombo kile kumtambua mwongo. Kwa sasa hakiwezi, kwa hiyo ukweli lazima tuulinde sisi tunaokishika. Umenielewa, binti yangu?"

"Nimekuelewa, mkuu."

Mbele yake palikuwa na karatasi tupu: barua ya kumwomba radhi yule mhudumu aliyeungua. Alikuwa ameitazama tangu asubuhi kwa aibu. Mama akamsogezea kalamu.

"Anza na jina lako kamili," alisema.