Jogoo Aliyewika Siku ya Posa

"Kokorikoo!"

Jogoo aliwika katikati ya posa, na sebuleni kwa Mzee Nathanaeli, pale Kinyangiri, hapakuwa na jogoo.

Nyuma ya pazia, Evodia alishtuka. Sauti ile aliijua. Ilikuwa ya mchezo wa shamba wa kwenye simu, wenye kuku waliovaa kofia, ambao mchumba wake Calist alikuwa hauachi. Lakini simu ya Calist alikuwa nayo yeye mkononi, imezimwa. Alimnyang'anya asubuhi hiyohiyo: "Leo usije ukalisha kuku mbele ya wazee."

Akachungulia. Baba yake alikuwa ameingiza mkono chini ya mto wa kochi, jasho linamtiririka.

"Simu ya nani hiyo?" aliuliza baba mdogo Melkiori.

Calist alimtupia mzee jicho moja tu, kisha akatia mkono kwenye mfuko mtupu wa koti.

"Yangu. Nisameheni, wazee wangu. Ni mchezo tu."

"Mchezo!" Mzee Nathanaeli alipata pa kushikia. "Una miaka mingapi?"

"Thelathini na nne, baba."

"Bwana shamba mzima wa Nduguti, unafuga kuku wenye kofia! Huo ni mchezo wa chekechea. Sitamwoza binti yangu kwa mtoto. Mshenga Ignas, chukua mtu wako mwende."

Evodia alijiuliza. Nani alimwambia baba kwamba kuku wale wana kofia?

Alitokea mlango wa nyuma, akamwahi Calist nje ya ua.

"Kwa nini umedanganya? Simu yako hii hapa!"

"Nimeona mzee anavyotetemeka."

"Na mimi je? Posa imevunjika, Calist!"

"Mimi nikiaibika, nitasahau. Mzee akiaibika mbele ya wakwe, atakaa nayo mpaka kaburini. Tafadhali, Evo, usimseme."

Akaondoka na mshenga wake. Evodia alilia kwa uchungu. Mwaka mzima alikuwa akimcheka mtu huyu: "Mwanaume mzima na katuni!" Naye hujibu vilevile siku zote: "Mchana kutwa nazunguka mashamba yaliyokauka. Jioni nataka kuona moja lililostawi." Alikuwa hajawahi kulisikiliza jibu hilo.

Akaiwasha simu. Ndani ya mchezo kulikuwa na ujumbe kutoka kwa jirani anayejiita Bondia:

"Jirani, leo nina wageni. Nilishie kuku wangu."

Bondia! Hilo lilikuwa jina la maksai ambaye baba yake alilima naye mpaka mzee alipovunjika mguu. Evodia alirudi ndani mbio. Mzee alikuwa peke yake.

"Baba, Bondia ni nani?"

Mzee aliinamisha kichwa.

"Mguu huu hauendi shamba tena, mwanangu. Humo bado nalima. Nilipolazwa Kiomboi, kuna jirani alinivunia alizeti zangu wiki tatu. Anaitwa Mkulima Mpole. Hata simjui."

Evodia akamwekea simu ya Calist mapajani. Juu paliandikwa: Mkulima Mpole.

Mzee alisoma mara mbili. Kisha akaitoa simu yake chini ya mto, akapiga.

"Ignas, mmefika wapi?"

"Tumepanda basi la Nduguti, mzee. Linaondoka."

"Shukeni! Rudini hapa!"

Walirudi na vumbi lao. Mzee Nathanaeli alisimama kwa mkongojo wake mbele ya wote.

"Yule jogoo alikuwa wangu. Kijana huyu amenifichia aibu, nami nikamtukana. Kama ni utoto, basi mtoto mkubwa wa nyumba hii ni mimi."

Melkiori alicheka mpaka akakohoa.

"Calist."

"Naam, baba."

"Nilisema sitamwoza binti yangu kwa mtoto. Neno langu liko palepale. Namwoza kwa jirani yangu."

Shangazi Rahabu alipiga kigelegele kilichowatoa watu majumbani mwao. Evodia aliliacha pazia, akaja mbele ya wazee bila kuitwa, akasimama kando ya Calist akilia na kucheka kwa pamoja. Siku hiyo hakuna aliyemkemea.

"Kokorikoo!"

Safari hii wote walijua simu ni ya nani.

"Walisheni kwanza hao kuku," alisema Melkiori, "ndipo tuzungumze mahari."