Sahani ya Jozi Mezani kwa Bi Honorine

"Ondoa hizo, Maylis. Nimekula, nimeshiba, nimeshukuru. Lakini hizo ziondoe."

Maylis alibaki amesimama, sahani mkononi. Ilikuwa sahani ya kawaida tu, jibini ya kondoo upande mmoja, njugu za jozi upande wa pili, zimeokotwa chini ya mti wa uani na kupasuliwa asubuhi ileile. Guilhem alikuwa amemaliza supu ya kabichi na maharage, akamimina divai kwenye bakuli akainywa na mchuzi uliobaki, kama anavyofanya kila mtu wa huku Chalosse, kusini mwa Ufaransa. Paja la bata nalo alikuwa ameacha mfupa mtupu. Muda wote huo walikuwa wanaongea vizuri, habari za mahindi na mvua. Sasa uso umemgeuka.

"Zina nini? Zimeoza?"

"Usinifanyie hivyo. Mara ya kwanza ilitosha."

"Mara ya kwanza ipi, Guilhem?"

Guilhem alimtazama kuona kama anamdhihaki. Jamani, huyu ndiye mwanaume ambaye Maylis alimpenda kuliko mtu yeyote, na leo alikuwa amekuja kuchukua makopo ya nyama ya bata kwa ajili ya harusi yake ya Jumamosi. Yake na Nadège. Nadège ndiye aliyepiga simu kuagiza, binti wa watu mwenye sauti ya kucheka, hakujua anamtuma mchumba wake wapi. Guilhem alitaka kumwomba mtu mwingine aende. Mwishowe akawasha gari mwenyewe.

"Ile Jumapili," alisema. "Nilikuja na marafiki zangu wawili, shati jeupe, viatu vinanibana. Ulijua nimekuja kwa jambo gani?"

"Nilijua. Nilikaa nasubiri useme."

"Ningesemaje, na wewe ulishaleta jibu?"

"Jibu gani? Nilileta chakula!"

"Mwisho wa chakula ulileta nini?"

Maylis akafikiria. Alikumbuka keki ya tufaha iliyoungua pembeni siku ile, jinsi aibu ilivyomjaa akaamua asiilete. Akatafuta kitu kingine cha kumalizia mlo.

"Jozi," alisema. "Nilileta jozi. Ulikuwa unazipenda, kila ukija unajaza mifuko."

Guilhem aliweka viwiko mezani, akashika kichwa.

"Babu ndiye aliyenilea, unajua. Kabla sijatoka nyumbani aliniambia, 'Mwanangu, ukiwekewa jozi mwisho wa mlo wa posa, umekataliwa. Usiulize kwa nini, utamwaibisha binti. Kula moja, simama, shukuru, ondoka.' Ndivyo walivyofanya wazee wetu wote hapa. Mtu hafukuzwi kwa maneno. Anawekewa jozi."

"Mimi sikujua," Maylis alisema.

"Ulizileta unatabasamu."

"Guilhem, sikujua. Naapa kwa kaburi la baba yangu."

Kule jikoni, kisu cha mama yake kilichokuwa kinakata vitunguu kikanyamaza.

"Ukanitumia ujumbe," Maylis aliendelea. "Bado ninao. 'Asanteni kwa mlo. Sitakusumbua tena.' Nikasema kumbe ameiona nyumba yetu, dari inavuja, bata wamejaa uani, ameghairi."

"Na wewe ukanijibu 'Sawa'."

"Nilikuwa nimeandika mengi. Nikafuta. Nikaandika 'Rudi', nikafuta. Nikaona huyu asije akafikiri namlilia."

"Sawa," Guilhem alirudia. "Neno moja. Nililitazama barabara nzima."

"Wewe nawe! Kwenye michezo ya sikukuu uwanjani, ng'ombe anakuja mbio na pembe zake, unamkwepa huku watu wanapiga makofi. Sahani ya njugu ndiyo ikakuangusha? Ungeuliza tu. 'Maylis, ndiyo unanikataa?' Basi."

"Ng'ombe nilikuwa simpendi."

Walicheka kidogo, wote wawili, halafu kicheko kikawaishia mdomoni.

"Lakini mama yako alijua," Guilhem alisema taratibu. "Alinitazama machoni. Akaisogeza sahani karibu yangu, akasema, 'Kula, mwanangu. Zimetoka kwenye mti wetu wenyewe.' Nikasema basi, nyumba nzima imekubaliana."

Maylis akageuka kutazama mlango wa jikoni.

Guilhem akanyoosha mkono juu ya meza, akaugusa wake. "Jumamosi bado haijafika. Sema neno moja tu, safari hii nitauliza mimi. Maylis, unanitaka?"

Mungu wangu, alimtaka. Kila mwaka bata walipochinjwa, kila wingu la mvua lilipotanda juu ya milima ya Pirenei, alikuwa anaongea naye kichwani kama mtu yuko chumba cha pili.

"Ngoja," alisema. Akachukua sahani, akaingia jikoni.

Bi Honorine, mama yake, alikuwa amesimama palepale, aproni imelowa, kisu mkononi.

"Umesikia, Mama?"

"Nimesikia."

"Ulijua maana yake?"

"Mama yangu alinifundisha."

"Uliniona naibeba sahani?"

"Nilikuona. Ulikuwa umefunga utepe kwenye nywele, unaimba." Bi Honorine aliweka kisu chini. "Nilifungua mdomo nikwambie. Nikafikiri, baba yake tumemzika majuzi. Bata hawa wote, mahindi yote yale, na huyu kijana anataka kumpeleka milimani kwa kondoo wa mjomba wake. Nitabaki na nani? Nikafunga mdomo. Nikasema si mimi niliyeziweka."

"Ukazisogeza."

"Nikazisogeza."

"Na nilipokuwa nalia ndani ya banda, ukaniletea supu."

"Nilikuletea." Machozi yalikuwa yanamtoka mama mtu bila sauti. "Nilikuwa nasema kesho nitamwambia. Kesho ikawa ngumu kuliko jana. Nenda kwake, mwanangu. Nenda sasa hivi. Shamba tutaliuza, mimi nitakwenda kwa dada yangu mjini Dax. Nenda umwambie ndiyo."

Maylis aliegemea meza. Dirishani aliliona gari la Guilhem, na kwenye kioo cha mbele kimening'inia kitambaa cheupe cha harusi. Nadège ndiye aliyekifunga, ilionekana wazi, fundo lilikuwa la mtu mwenye haraka na furaha. Akamfikiria huyo binti asiyemjua, Jumamosi, amevaa, anasubiri gari lisilokuja. Kisha jioni simu inalia: Sitakusumbua tena. Kusubiri kwa namna hiyo alikujua. Hakumtakia mtu, hata adui, sembuse mtu aliyemwambia kwenye simu, "Dada, nichagulie mapaja yaliyonona."

Guilhem angekuja siku nyingine yoyote, kabla Maylis hajaisikia sauti hiyo, angemkimbilia miguu mitupu.

Akaiinua sahani. Jibini akaiondoa, akaacha jozi peke yake.

"Usiipeleke," mama yake alisema. "Maylis, nakuomba. Usiipeleke hiyo."

Aliipeleka. Alifika mezani na kuishusha mbele ya Guilhem, taratibu, mahali palepale.

Guilhem aliitazama.

"Leo unajua maana yake," alisema.

"Leo najua."

"Na bado unaniwekea."

"Nakupenda, Guilhem. Ndiyo maana nimekuletea mwenyewe, nisimwachie mtu mwingine. Kuna mtu amekufungia kitambaa kwenye gari."

Alichagua jozi moja, akaitafuna akiwa ameinamisha kichwa. Halafu akasimama, akarudisha kiti mahali pake, kama babu yake alivyomfunza.

"Asante kwa mlo."

"Mwambie Nadège nyama ya makopo ipashwe kwa moto mdogo," Maylis alisema. "Moto ukiwa mkali, ngozi inachanika."

"Nitamwambia."

Alibeba makopo safari tatu hadi garini, akakataa kusaidiwa. Maylis alisimama mlangoni mpaka gari likapotea nyuma ya mahindi. Simu yake ikalia mfukoni, ujumbe wa Guilhem.

"Asante kwa mlo. Safari hii nimeuliza."

Aliusoma mara mbili. Alitamani kuandika mengi. Akaandika: "Nimesikia. Uwe mume mwema." Akautuma kabla hajaufuta.

Aliporudi ndani, Bi Honorine alikuwa ametoka jikoni na kukaa kwenye ncha ya benchi, mikono mapajani, kama mgeni asiyejua atakaribishwa au la. Maylis aliketi kwenye kiti cha Guilhem, bado kina joto. Akaivuta sahani, akaisogeza mbele ya mama yake.

"Kula, Mama," alisema. "Zimetoka kwenye mti wetu wenyewe."